Bahgat na Husuda ya Taa

Mwenye mtoto wa kuoza na asogee karibu, maana tapeli wa siku hizi haji na kisu. Huja na kamera begani, suti imenyooka, na mashallah tele mdomoni.

Bahgat alikuwa mpiga video wa sherehe huko Shubra, Misri. Alasiri moja aliingia ukumbini kwenye sherehe ya posa, akatazama darini, akatabasamu kama paka aliyekuta mlango wa jikoni wazi. Taa! Mwenye ukumbi alitundika taa za bei ya chini, nyekundu, bluu na nyeupe, kisha akazipunguza mwanga ili pawe na mahaba. Taa za namna hiyo huzima na kuwaka upesi mno, hata jicho la binadamu halioni. Kamera huona. Ukiiwekea kasi ya kunasa picha isiyoafikiana na umeme, picha hujaa michirizi myekundu na myeusi inayopanda polepole kama mijusi ukutani.

Mpiga video mwenye haya huijaribu kamera mapema chini ya taa hizohizo, akairekebisha kasi, wageni wakala halua yao kwa amani. Bahgat naye aliijaribu mapema. Akazungusha kitufe upande wa kuharibu.

Hakuwa na roho mbaya sana, maskini. Alikuwa na mchumba. Baba yake Wafaa alikwisha kumwambia: lete shabka, dhahabu ya posa kama waungwana wote, la sivyo binti anakwenda kwa mfamasia. Bahgat alikuwa na maneno tu, na maneno hayavaliki mkononi.

Ndiyo maana aliishika kazi hii kwa meno. Ni yeye aliyewapiga picha jamaa wenye sherehe dukani walipochagua bangili nne nene, zilizosokotwa kama kamba. Tangu siku hiyo bangili zilikaa kwa Hajati Inshirah, mama wa kijana anayeposa. Bahgat akaenda sokoni kwa muuza dhahabu bandia ya Kichina, akapata nne zinazofanana nazo kama pacha, akazifunga kwenye leso nyekundu, akazitia mfukoni.

Sharubati ikapitishwa. Kwenye skrini kubwa ukumbini, uso wa binti anayeposwa ukatokea. Michirizi ikampanda kidevuni, puani, hadi kwenye paji la uso.

"Ya Latifu!" akapiga kelele shangazi mmoja. "Mtoto kafanywaje?"

Bahgat akaiinamia kamera, akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari. "Nisiseme, mama zangu. Nisije nikawaharibia siku."

"Sema, baba!"

"Ni jicho. Kuna mtu humu ameitazama shabka hii kwa husuda, na kamera haijui kuficha."

Wanawake wakatazamana, kila mmoja akimtafuta mwenzake. Mjomba Subhi tu, mjomba wa binti, ndiye aliyeguna. Alikuwa sonara, na jiwe lake la kujaribia dhahabu halikumtoka mfukoni hata msikitini. "Husuda au si husuda, bangili hazivaliwi kabla sijazipitisha kwenye jiwe langu."

"Zipitishe, ndugu yangu, nani kakuzuia?" akasema Hajati, akijipepea kwa nguvu. Akamgeukia Bahgat. "Mwanangu, dawa yake?"

"Ubani tu, Hajati. Dhahabu ifungwe kwenye leso, ifukizwe mara saba."

"Basi ifukize wewe. Mkono wako una baraka."

"Mimi? Labda mmoja wenu..."

"Wewe, nimesema! Chukua."

Bahgat nusura acheke. Ama kweli, kuna watu huzaliwa wamejifunga utepe kama zawadi! Akaleta leso nyekundu nyingine, bangili zikaingia, moshi ukatanda juu ya chetezo. Watu walipofumba macho kwa dua, leso moja ikaingia mfukoni, nyingine ikatoka. Kisha akarudi kwenye kamera, kidole kikagusa kitufe, na michirizi ikatoweka. Vigelegele!

Subhi hakupiga kigelegele. Alifungua leso, akasugua bangili kwenye jiwe, akatia tone la dawa yake. "Shaba," akasema.

Hajati akaanguka kitini. "Nimeibiwa! Mchana kweupe, mbele ya wakwe! Mpekueni huyo!"

Wakampekua, wakaitoa leso ya pili. Subhi akasugua tena, akatia tone tena. "Na hizi shaba."

"Haiwezekani!" Bahgat aliruka. "Hizo ndizo nilizochukua kwenye leso yake! Naapa, ndizo zenyewe nilizoiba!"

Ndivyo Bahgat, bingwa wa maneno, alivyojifunga kwa ulimi wake mwenyewe.

"Mmemsikia," alilia Hajati. "Kaiba, na ya kweli kaificha! Eti sisi tulileta shaba? Mbele ya sonara?"

Wajomba wawili wakakunja mikono ya mashati. Subhi akawazuia. "Kamera inabaki iwe fidia ya binti. Lakini kwanza tueleze michirizi ilitokaje."

Bahgat akaeleza, jasho likimtiririka. Umeme wa Misri ni wa mizunguko hamsini kwa sekunde, kwa hiyo kasi ya kamera iwekwe sehemu moja ya hamsini ya sekunde, au ya mia. Taa ziwashwe kikamilifu, zisipunguzwe. Picha ikishachafuka, kompyuta huififisha michirizi, haiifuti.

"Vizuri," akasema Subhi. "Sasa piga sherehe yote hadi mwisho, bila michirizi. Ndipo uondoke mikono mitupu."

Akapiga. Alimpiga picha binti akicheka, na kijana akiapa mbele ya wakwe kwamba ataleta shabka nyingine polepole, Mungu akijalia. Wakwe wakamwonea huruma, wakakubali.

Alipokuwa akitoka, Hajati alimfuata hadi mlangoni na glasi ya sharubati.

"Kunywa, mwanangu. Dhahabu ya kweli niliiuza zamani, nikaweka shaba mahali pake, nikamalizia chumba watakachoishi watoto hawa. Usiku kucha nilikuwa nikimwomba Mungu anitafutie mwizi."

Akamfungia mlango taratibu, kwa adabu zote.