Sauti Iliyokauka Siku ya Hakathoni

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeona njia! Kiti cha mkuu wa idara ya programu kiko wazi, na mimi, mratibu wa miradi, mtu wa watu, msemaji hodari, nimekitamani tangu kikiwa na mwenyewe. Kikwazo ni kimoja tu: mkaguzi wa programu, jirani yangu wa meza. Ofisi nzima tunamwita Bi Kasoro, kwa kuwa hajawahi kupitisha programu bila kuikuta na kasoro. Nadhani hata tabasamu langu ameshaliandikia ripoti.

Kampuni yetu inatengeneza programu za kuwakumbusha wagonjwa siku zao za kliniki. Shida ni kwamba wagonjwa hawaji. Madaktari wanakaa wakitazamana na ukuta. Kliniki kubwa kuliko zote imetishia kutuhama, na mkurugenzi ana uso wa mtu aliyeng'ata ndimu. Ndipo nikasimama kikaoni nikasema: tufanye hakathoni! Watengenezaji wote waweke kando kazi za kila siku, wagawane vikundi, washindane siku mbili kutafuta dawa. Mkurugenzi akauliza nani ataandaa. Mkono wangu ulikuwa hewani kabla hajafunga mdomo.

Bi Kasoro akasema wazo ni zuri. (Alisema kwa shida.) Kisha akaongeza kwamba wapewe tatizo moja lililo wazi, vikundi vichanganywe, na wakishaanza wasisumbuliwe.

Wasisumbuliwe! Siku mbili bila kusikia sauti ya kiongozi? Wivu huo.

Jumanne, 4 Machi

Nimegawa vikundi kwa haki. Yaani, kikundi changu nimekijaza mafundi bingwa watupu nikakiita Kikosi cha Dhahabu. Bi Kasoro nimemwachia makapi: mzee wa hifadhidata asiyejibu mpaka aulizwe mara mbili, dada wa kusanifu kurasa za programu anayebishana hata na saa ya ukutani, na mhasibu aliyejiandikisha baada ya kusikia kutakuwa na chakula. Bi Kasoro akaisoma karatasi, akanitazama, akasema, "Asante, kaka." Basi. Sikupenda ile asante.

Vilevile nimebadilisha nywila ya intaneti. Ya zamani ilikuwa fupi, haina moyo. Mpya ni sentensi nzima ya kutia hamasa, ina herufi kubwa, alama ya mshangao na nukta tatu. Kila atakayeingia mtandaoni atahamasika kwanza.

Jioni nilifanya mazoezi ya hotuba ya ufunguzi chumbani. Mama mkwe, anayekaa kwetu huku akitibiwa magoti, akamwuliza mke wangu mumewe anagombana na nani. Mke wangu akamwambia nahutubia kabati. Mama mkwe akasema kabati hilo lina subira, lingekuwa mtu lingeshahama.

Jumatano, 5 Machi

Vipaza sauti havijafika. Fundi akasema nisubiri. Kiongozi hasubiri! Nikapanda jukwaani nikafanya mazoezi kwa koo tupu, hotuba yote, kurudia na kurudia, mpaka mfagizi akasogea akafagia ghorofa nyingine.

Sasa koo linawasha. Si kitu. Nimelamba asali.

Alhamisi, 6 Machi

Sauti imekwenda. Imekwenda yote! Nimeamka nikafungua kinywa kumwita mke wangu, ikatoka sauti ya bawaba yenye kutu. Akadhani ni mlango, akaufunga.

Nikaenda ofisini hivyo hivyo. Ukumbi umejaa, kompyuta ziko wazi, macho yote kwangu. Nikampa mkurugenzi hotuba anisomee. Akasoma salamu, akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akapima unene wa zilizobaki kwa vidole. Akaikunja.

"Jamani," akasema, "tatizo mnalijua. Wagonjwa hawaji kliniki. Tafuteni kwa nini, na mtafute dawa. Anzeni."

Wakapiga makofi! Sijawahi kupigiwa makofi ya namna ile kwa hotuba ambayo haikusomwa.

Kisha ikaja nywila. Hakuna aliyeweza kuingia mtandaoni. Nikaiandika ubaoni. Mwandiko wangu ni wa kisanii. Mmoja akasoma "ubunifu", mwingine "upungufu", na dada wa kurasa akauliza kama zile nukta ni nukta au ni uchafu wa ubao. Nikajaribu kueleza kwa mikono. Mhasibu akadhani nimepaliwa, akanigonga mgongo. Mwishowe Bi Kasoro akamwomba fundi wa mtandao arudishe nywila ya zamani. Ukumbi ukapumua.

Nilikuwa nimepanga kupita kila meza nikitia maneno ya hamasa. Bila sauti nikapita nikitikisa kichwa tu. Nao wakanitikisia, wakarudi kazini. Ajabu! Kimya kizuri, vidole tu vinagonga.

Isipokuwa kwa Kikosi cha Dhahabu. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na mimi nimewajaza zizi zima. Wamegombea lugha ya kuandikia programu tangu asubuhi. Ilipofika jioni walikuwa wamekubaliana jambo moja tu, kwamba chakula kimepoa.

Ijumaa, 7 Machi

Usaliti! Na si wa mtu baki.

Adhuhuri mama mkwe aliingia ukumbini kwa fimbo yake, amebeba chupa ya chai ya tangawizi kwa ajili ya koo langu. Machozi yalinilengalenga. Akasema anatoka kliniki, na huko amerudishwa, kwa sababu siku yake ilikuwa jana.

Bi Kasoro akainua kichwa kama paka aliyesikia sahani.

"Shikamoo mama. Kwani hukutumiwa ujumbe kwenye simu?"

"Marahaba mwanangu. Nilitumiwa. Herufi zenyewe kama sisimizi wanahama! Miwani yangu inasoma Biblia ya maandishi makubwa tu. Nikasema, kama ni jambo la maana, watapiga."

"Na wakipiga, utaenda?"

"Nikiitwa na mtu, naenda. Nikiitwa na kidude kinacholia ti-ti, nakizima."

Wakatazamana, yule mzee wa hifadhidata, dada mbishi na mhasibu. Kwa mara ya kwanza dada hakubisha. Mzee wa hifadhidata akasema, bila kuulizwa hata mara moja, kwamba wagonjwa wengi wanaokosa kuja ni wazee kabisa. Wakamvutia mama mkwe kiti. Wakampa chai. Chai yangu! Nikapunga mikono kupinga. Mama mkwe akanipungia na yeye, akidhani namsalimia.

Jioni tukafika kwenye maonyesho. Waamuzi walikuwa mkurugenzi na muuguzi mkuu wa ile kliniki inayotaka kuhama. Kikosi cha Dhahabu kikatangulia. Kumbe baada ya ugomvi walitengeneza programu mbili, kila upande yake, na kuziwasha kwa pamoja ili waamuzi wachague. Ya kwanza ikaizima ya pili. Ya pili ikaizima kompyuta. Nikatabasamu kuonyesha kwamba ndivyo ilivyokusudiwa.

Likaja kundi la makapi. Bi Kasoro hakusema mengi. Akabonyeza kitufe kimoja, simu ya muuguzi mkuu ikaita mkononi mwake. Akaipokea kwa spika, na ukumbi mzima ukasikia:

"Mwanangu, hujambo? Kesho saa tatu daktari anakungoja. Vaa viatu vizuri, njoo. Kama huwezi, bonyeza moja, tukutafutie siku nyingine. Na usinifanye nipige tena!"

Sauti ya mama mkwe!

Muuguzi mkuu alikuwa ameshanyanyuka nusu kwenye kiti. "Uwii! Nilitaka kuitika 'naam mama'," akasema, akacheka mpaka akavua miwani. Ukumbi ukalipuka. Mkurugenzi alipiga meza kwa furaha. Mama mkwe, mstari wa mbele, akajitengeneza kilemba.

Nilipiga makofi pia. Kwa sekunde chache, nakiri, nilisahau kwamba naonewa.

Njiani kurudi nilimwandikia mama mkwe kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: KWA NINI WAO? Akajibu kwamba wale walimuuliza. Mimi nimekaa naye nyumba moja, nimehutubia kabati tu.

Jumatatu, 10 Machi

Sauti imerudi. Na habari zimekuja kwa mkupuo.

Kliniki haihami. Kikundi cha Bi Kasoro kimeondolewa kazi nyingine zote ili kuimaliza programu vizuri, isiishie kuwa kiini macho cha siku mbili. Na Bi Kasoro ndiye mkuu mpya wa idara. Akaja mezani kwangu akanishukuru kwa kumpa kikundi bora. Nilitafuta kejeli usoni mwake. Sikuiona. Inaniuma zaidi.

Lakini subiri! Mkurugenzi alinisifu mbele ya wote. Akasema hajawahi kuona hakathoni yenye utulivu ule, kwamba mwandaaji alijua kukaa kimya akawaacha watu wafanye kazi, na kwamba viongozi wachache wana kipaji hicho. Amenifanya mratibu wa hakathoni zote zijazo.

Kumbe nina kipaji! Mke wangu akasema si kipaji, ni koo. Mama mkwe akasema kama ni kipaji, Mungu akizidishe. Watu wa nyumbani hawaoni.

Nimeshaamua. Ujuzi huu hauwezi kufa na mimi. Nimetangaza mafunzo ya lazima kwa wafanyakazi wote: "Siri ya Kiongozi Mkimya". Yatakuwa ya asubuhi hadi jioni, msemaji ni mmoja, maswali hayaruhusiwi mpaka nimalize. Fundi ameniambia vipaza sauti vimefika.

Nimemwomba aongeze viwili.