Mboga Yenye Ladha ya Sabuni

Nimeumbuka leo hapa Ikuti, na hasira niliyonayo sijui niipeleke kwa nani. Kaeni niwaambie mwenyewe kabla Mama Neema hajawaambia.

Mnajua Jumapili watoto wanapata kipaimara, na mjukuu wangu Anyisile yumo. Mnajua pia kwamba kwenye sherehe za hapa sufuria ya mboga ni yangu. Harusi ya Ambakisye na Tumpe, nilisimama mimi. Msiba wa marehemu Mzee Lwitiko, mimi. Siku ya kumuaga mchungaji, mimi, na mguu umevimba. Hakuna aliyewahi kurudisha sahani na mboga ndani.

Mwaka huu Mama Neema akaleta maneno. Eti kila anayetaka kusimamia mboga apike kwake, alete, kina mama waonje, wachague. (Mama Neema huyu nilimfundisha mimi kuwasha kuni mbichi alipoolewa hapa. Leo ananipa mtihani.)

Haya. Asubuhi nikachuma majani ya maboga, yale machanga. Nikamenya nyuzi, nikakatakata, nikabandika, nikatia magadi ili yalainike. Kidogo tu. Ndipo simu ikaita. Wifi yangu Tupokigwe, wa Kiwira.

"Wifi, nasikia wanataka upumzike."

"Nipumzike nini? Nimewaambia nimechoka?"

Akasema Mama Neema anapita nyumba hadi nyumba, eti bibi amezeeka, anasahau. Nasahau mimi? Nikamtajia wifi watoto wote wa Mama Neema, na wa dada zake, na waliowabatiza. Nikakata simu. Nikarudi jikoni, nikatia magadi, nikatia nyanya, nikatia karanga, nikakoroga kwa hasira zangu zote. Sikuonja. (Mimi huwa sionji. Mboga yangu naijua kwa harufu. Kwamba nina mafua tangu juzi, hayo ni mambo mengine.)

Nikapakua kwenye hotipoti yangu ya maua mekundu, mke wa mwanangu, Subilaga, akatangulia nayo.

Kufika kwa mwenyekiti wetu wa kina mama, Mama Lusajo, hotipoti zote mkekani ni za maua mekundu. Zilipokuja sokoni Tukuyu sote tulinunua. Ndiyo maana kila mmoja ameweka alama yake chini, vyombo visipotee kwenye misiba. Mama Lusajo akasema hakuna kutazama alama mpaka watu waonje, mtu asipendelewe. Nikamuunga mkono. Nilimuunga mkono kwa sauti kubwa kabisa.

Tukaanza. Kabichi na karoti, nusu mbichi, nikajua ni ya Mama Neema, nikanyamaza kwa heshima. Maharage, mazuri, sitadanganya. Halafu majani ya maboga, ya kwanza kati ya hotipoti tatu, maana msimu huu kila mtu anayachuma. Nikatia kijiko mdomoni.

Jamani. Yamelainika kama uji wa mtoto, na ladha ni ya sabuni ya mche. (Hapo ndipo ningemeza na kunyamaza. Sikumeza, wala sikunyamaza.)

"Huyu amepika au amefua?"

Wakacheka. Nikaona nimewapata, nikasimama kabisa. Nikasema magadi hubanwa kwa ncha za vidole, hayamwagwi kama mbolea kwenye shamba la chai. Nikauliza mwanamke huyu ana mama, na huyo mama alikuwa wapi siku zote hizo. Nikasema mtu wa namna hii asisogee kwenye sherehe ya mjukuu wangu, hata kuosha sahani asioshe. Subilaga ananivuta kitenge. Nikamtoa mkono.

Mama Neema akasema taratibu, "Bibi, basi yaishe. Tusimwaibishe mwenzetu."

"Acha aaibike. Inueni hiyo hotipoti, nimjue jina."

Mama Lusajo akainua. Chini kuna msalaba wa rangi ya kucha, zambarau. Rangi ni ya Anyisile. Msalaba nilichora mimi.

Hakuna aliyecheka. Walimngoja mwenyekiti aanze. Mama Lusajo akajikaza, akajikaza, mabega yakamtetemeka mpaka akaiweka hotipoti chini, na hapo ndipo nyumba nzima ikaangua kicheko. Mimi nimesimama palepale, nauona mkono wangu kwenye kopo la magadi kabla ya simu, na nauona tena baada ya simu. Nikatafuta wa kumlaumu. Subilaga hakukanyaga jikoni kwangu. Nikampigia wifi palepale, nikamgombeza mpaka salio likaisha.

Mboga amepewa Mama Neema. Kabichi! Kwenye kipaimara cha mjukuu wangu!

Nikameza hasira, nikasema basi nipeni hata sahani nioshe, nisikae bure siku ya mtoto wangu. Mama Lusajo akajifuta machozi.

"Bibi, si umesema mwenyewe hata sahani asioshe?"

Kwa hiyo Jumapili nitakaa mbele na wageni, nimekunja mikono, naletewa kabichi mbichi kama mkaguzi. Na wewe unayecheka hapo na simu yako, cheka tu. Jina lako nalijua, na la mama yako pia.