Jozi Zangu Arobaini Zilizofanana

Leo nimeaibika. Nimekaa barazani, chai imepoa. Bora niseme mimi kabla hamjasikia kwa watu.

Mnajua nakusanya majibu ya utafiti. Tunataka kujua kama wagonjwa wa figo waliugua kichocho utotoni zaidi kuliko watu wenye afya. Kila mgonjwa anapangiwa jirani asiyeumwa, jinsia moja, umri mmoja, kisha wote wawili wanaulizwa. Mwongozo unataka niwatafute majirani nyumba kwa nyumba. Mimi nikawaambia wagonjwa waje nao wenyewe (jua la Tanga mnalijua).

Asubuhi hii, ofisini Raskazone, Daktari, bosi wetu, alikuwa anaamua nani apewe mkataba wa mwaka. Nilishakwenda chooni mara tano (ya tano nilikwenda kujitazama kwenye kioo tu). Zamu yangu ikafika. Akauliza ni jozi ngapi zinatofautiana, yaani mmoja aliugua kichocho na mwenzake hakuugua.

Nikatoa kifua. "Hakuna, Daktari. Zangu zote arobaini zinafanana."

Nilidhani nitapigiwa makofi!

Akavua miwani. Akanieleza taratibu kwamba hesabu ya jozi inasimama juu ya zile zinazotofautiana. Wote wakisema ndiyo, au wote hapana, hawatuambii kitu. Kwa hiyo wiki zangu sita zilikuwa zimezaa sifuri. Tena akasema haiwezekani jozi zote zikafanana hivyo.

Ole wangu, nje walikuwapo Bi Mwanahawa wa Usagara, mgonjwa wangu, na jirani yake Bi Saumu. Walikuja kupimwa. Daktari akawaita, akawaamkia shikamoo, akamuuliza upya Bi Saumu. Bi Saumu akasema hajawahi kuugua kichocho. Kwenye fomu yangu: ndiyo.

Daktari akauliza imekuwaje. Bi Saumu akamtazama mwenzake.

"Nilimfunza mie njiani, mwanangu," akasema Bi Mwanahawa. "Huyu kijana alimfukuza jirani yangu wa kwanza, ati miaka yetu haifanani, tunamharibia kazi. Habari zikaenea benchi zima la wagonjwa. Tukaona tufanane kila kitu, mtoto wa watu asikose mkate."

Ni kweli nilimfukuza (nilikuwa na njaa). Nilitamani sakafu inimeze. Wenzangu walikuwa wameinamisha vichwa, mabega yanatikisika. Halafu yule mama, kwa huruma kabisa, akamuuliza Daktari:

"Hiyo kazi ameshaipata?"

Daktari alicheka mpaka akafuta machozi kwa fomu yangu. Hukumu: kesho naanza upya, Usagara mpaka Pongwe, nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Mkataba tutauzungumza nikirudi. Kwanza ninaanzia kwa yule niliyemfukuza, kumwomba radhi.

Tafadhali msinicheke. Au basi, ukicheka wewe, jirani yako anyamaze, angalau nyie mtahesabika.