Kompyuta Iliyovalishwa Shela

Tanga nzima, kuanzia bandarini mpaka Maramba, palikuwa na mtu mmoja tu aliyeijua kompyuta. Usibishe! Mwenyewe ndiye aliyesema, na jina lake ni Asheri.

Kazi yake ya siku zote ilikuwa kutengeneza redio pale Pongwe. Lakini soko huria lilipoingia, na watu waliozoea kupanga foleni ya sabuni wakaanza kununua hata vitu wasivyojua vinawashwa wapi, Asheri alikwenda Dar es Salaam kwa shemeji yake. Akarudi na kalamu tatu mfukoni mwa shati, na cheo: Daktari wa Kompyuta. Alisomea wapi huko, hatujui. Shemeji yake alikuwa muuza mchele.

Siku hiyo alikuwa Chumbageni, dukani kwa Mzee Noorali, mchapaji wa kadi za harusi. Mzee alikuwa amenunua skrini ya pili, mtumba wa Dubai, nzito kama gunia la chokaa.

"Sikiliza, Asheri," alisema Mzee Noorali. "Weka mfumo mpya. Skrini zote mbili zifanye kazi pamoja. Kadi za binti wa Bi Mwatumu zitoke leo. Ukiweza, kompyuta hii utaishika wewe, kazi ya kudumu."

"Na kiti?" aliuliza Asheri.

"Na kiti."

Lo! Kile kiti! Kilikuwa cheusi, chenye magurudumu, na kilizunguka! Asheri aliwahi kukiona cha namna hiyo kwa meneja wa benki tu, tena kwa kuchungulia. Alikikalia, akazunguka mara moja, akajiona ana matawi Mombasa.

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri mpaka yakamshangaza mwenyewe. Alitia sidii, kile kisahani kinachong'aa, kompyuta ikamuuliza maswali ya Kiingereza, naye akayakubali yote kama bwana harusi mbele ya kadhi. Mfumo mpya ukaingia! Skrini ya pili ikawaka! Akausukuma ule mshale wa mausi mpaka ukingoni mwa skrini ya kwanza, nao ukaibukia ya pili.

"Umeona, Mzee? Umevuka kama unapita mpaka wa Horohoro bila pasi!"

"Vizuri. Sasa kadi. Bi Mwatumu anataka jina la bwana harusi liwe kubwa, lionekane hata na wasiotaka kuliona."

Asheri akaifungua kadi, akaivusha skrini ya pili, akaliteua jina la bwana harusi, Miraji, likapakwa weusi, tayari kulikuza. Mara mlangoni pakasikika, "Hodi humu!"

Bi Mwatumu mwenyewe! Hapo Asheri akapata wazo la kifahari. Nyuma ya kaunta palikuwa na redio iliyofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye tausi wawili. Akakinyakua, akaifunika skrini ya pili gubigubi.

"Shikamoo, Bi Mwatumu!"

"Marahaba, mwanangu. Kadi zangu?"

"Leo si kadi tu, ni uzinduzi! Kadi ya Mastura imekaa ndani ya shela. Nitaikamilisha kwanza hapa, kisha tunamfunua bibi harusi!"

Akazunguka na kiti, akakamata mausi, akaitazama skrini ya kwanza. Mshale haupo.

Akausaka kulia. Haupo. Akausaka kushoto, ukachungulia pembeni kidogo, ukarudi zake ulikotoka! Skrini ilikuwa tupu kama sahani ya Ramadhani mchana. Kwamba mshale aliuacha yeye mwenyewe kule chini ya tausi, wala hakumbuki.

"Kuna nini?" aliuliza Mzee Noorali.

"Chumvi ya bahari. Imeingia kwenye mausi."

Akaipindua, akaitoa ile gololi ya tumboni, akaipuliza kwa madaha. Gololi ikamponyoka! Ikadunda sakafuni, ikapita katikati ya miguu ya Bi Mwatumu, ikashuka ngazi, ikatumbukia mferejini. Chubwi!

"Huo nao uzinduzi?" aliuliza Bi Mwatumu.

"Bingwa hategemei mausi!" alisema Asheri, jasho likimchuruzika mpaka kwenye kalamu. Akaanza kujaribu kibodi. Aandike nini? Akaandika kitu anachokijua kwa moyo. Hakuna kilichotokea. Akaandika tena sehemu ya mwisho, kwa ghadhabu, akigonga vitufe kama anatwanga kisamvu. Kimya. Akakiona kiti kinamuaga. Basi, kwa kukata tamaa, akabonyeza vile vitufe vya kuiamuru printa ichape.

Printa ikakohoa, ikalia, ikatema kadi!

"Mnaona?" alipiga kelele. Akaichomoa bila kuitazama, akamkabidhi Bi Mwatumu kwa mikono miwili.

"Sina miwani, baba. Bi Noorjehan, nisomee."

Bi Noorjehan, mke wa Mzee Noorali, ndiyo kwanza alikuwa anatoka uani. Akaipokea, akasoma kwa sauti:

"Bi Mwatumu wa Chumbageni anayo furaha kukualika katika harusi ya binti yake Mastura, atakayeolewa na ASHERI BINGWA WA TANGA NZIMA TANGA NZIMA."

Hata feni ilionekana kusita.

"Ni virusi!" Asheri alipiga yowe. "Mimi sijaandika neno! Skrini si hii hapa, tupu?"

Lakini Bi Noorjehan hakuwa akimsikiliza. Macho yake yalikuwa juu ya tausi.

"Kitambaa changu cha redio!" Akakivuta, fyuu!

Kadi hiyo hapo, inang'aa. Jina hilo hapo. Na mshale umetulia kando yake, kama shahidi aliyefika mapema.

Mzee Noorali alikisogeza kile kiti taratibu, akamkaribisha Bi Mwatumu. Bi Mwatumu akakaa, akazunguka mara moja, akakipenda.

"Mkwe wangu," alisema, "posa hukuleta, mahari sijaiona, na Miraji yuko njiani anakuja kuitazama kadi yake. Ningekuwa weye, ningekwenda kutafuta ile gololi."

Asheri alikwenda. Alipiga magoti mferejini, mikono imezama mpaka kwenye viwiko, kalamu tatu zikimdondoka moja moja. Habari ilikuwa imeshamtangulia barabarani, na kila aliyepita alisimama, akainama kidogo kwa heshima:

"Hongera, bwana harusi!"