Bokilo, sabuni na mboga yenye jina lake

Leo nimeaibika mpaka sabuni ikanikaukia mwilini.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mtaa wetu wote wa Kasuku unakimbia na pikipiki, mimi niko kwenye kiti changu. (Aziza, bibi niliyemwoa, anasema kiti ndicho kilichonioa.) Lakini leo bokilo, mama yake Aziza, alikuwa anakuja kutoka Lokandu. Nikamwita jirani Shabani alime kiwanja. Mimi nisimamie.

Aziza alipotoka kwenda sokoni akasema: "Baba Amina, ile ya mama pembeni ya jiko musiguse!"

Ile ya mama ni mboga. Wakati wa vita, walipokimbilia porini, bokilo aliwapikia wenzake majani hayo, na Aziza, mtoto mchanga, akapona kwa supu yake. Kila mwanamke pale aliyaita kwa neno la kabila lake: Mrega lake, Msongola lake, Mkusu lake. Walibishana mpaka supu ikapoa, kisha wakayapa majani jina la mpishi.

Shida ni yangu. Kwetu mkwe hataji jina la mama mkwe, kamwe. Aziza anamwita mama, watoto wanamwita koko, mimi bokilo. Basi hata mboga naiita "ile". (Sokoni naonyesha kwa kidole kama bubu.) Na shina hili alilituma yeye mwenyewe siku Amina alipozaliwa. Likifa kwangu, nitamweleza nini?

Nikasahau kumwonyesha Shabani. Nikaingia kuoga, kwenye bafu yetu ya shitingi, turubai tu, pale uani. Nimejaa povu, nasikia: "Hodi!" Bokilo! Amewahi! Akaketi barazani. Na jembe la Shabani linaelekea jikoni.

"Shabani! Ile acha!"

"Ile gani?"

"Ya pembeni ya jiko!"

"Huku iko majani mingi, ndugu. Taja jina."

"Siwezi!"

"Haujue jina?"

"Najua! Bokilo iko hapo!"

"Basi nitoe yote, utachagua mwenyewe."

Nikachungulia. Jembe limeshapanda juu.

"Zaina! Wacha Zainaaa!"

Jina kavu. Bila hata "Mama" mbele. Shabani, mtu mwenye adabu, aliduwaa, jembe hewani. Mimi nikatoka mbio, povu machoni, nikateleza, nikalala juu ya mboga kama kuku juu ya mayai. Taulo haikufika. Ilibaki kwenye shitingi.

Bokilo akaja, uso kaugeuza kando, akanitupia kikwembe chake cha begani.

"Mutoto yangu," akasema, "kule porini tulifunika watoto na majani haya haya. Lakini wao walikuwa wadogo!"

Shabani akakaa chini kwa kucheka.

Bokilo akanisogeza kama gunia, akapapasa mizizi, akashindilia udongo kwa vidole. Tawi moja tu limevunjika. "Iko muzima," akasema. Kisha polepole: "Umejivunjia heshima juu ya hii mboga. Aksanti, mwana."

Mtu anakushukuru, na bila majani yake usingekuwa na bibi wala mtoto! Aksanti ni yako, bokilo.

Fundisho: mwonyeshe mwenye jembe mboga kwanza, ndipo ukaoge. Na tafadhali musicheke. Bokilo anakaa hapa mpaka Jumapili, na tunakula meza moja.