Mchimba Kaburi Mwenye Kichwa cha Boga

Jumatatu, 27 Oktoba 2025
Kumi na mmoja! Nimewapanga upya juu ya kabati, kila mmoja ndani ya kasha lake ambalo halijafunguliwa. Visanamu vya Halloween vyenye vichwa vya maboga. Msanii wao hutengeneza mia tatu tu wa kila umbo, kisha anavunja kalibu. Ninao Mjane, Padri, Mpiga Kengele na wengineo. Namkosa wa kumi na mbili: Mchimba Kaburi. Gauthier, daktari wa meno wa mtaa wa Bel-Air, naye anamtafuta. Ana saba. Saba! Na bado anajiita mkusanyaji.
Nina miaka arobaini na minane, mwalimu wa jiografia, Mkatoliki. Sioni aibu. Naona kidogo.

Jumanne, 28 Oktoba
Chama amepiga simu. Ni dereva wa lori anayeniletea vitu kutoka Johannesburg. Anaye! Ijumaa atakuwa mpakani Kasumbalesa, kwenye foleni, upande wa Zambia.
Lakini nitaondokaje nyumbani? Jumamosi tunamaliza mwaka wa kilio cha mama. Yaya Victorine, dada yangu mkubwa, amenikabidhi kazi ya kutafuta viti.

Jumatano, 29 Oktoba
Mungu ni mwema. Mama mukubwa Musonda, dada pekee wa mama aliyebaki hai, anakuja kutoka Kitwe. Ana miaka sabini na sita na mguu mmoja umevimba. Yaya aliuliza nani atampokea mpakani. Nilijitolea kabla hajamaliza swali. Akanitazama sana, akasema mama angefurahi kuniona hivi. Nilijisikia vibaya mpaka chakula kilipoletwa.

Ijumaa, 31 Oktoba
Nilivuka mpaka saa tatu asubuhi. Mama mukubwa alikuwa tayari amefika, amekaa kwa muuza chai, kitunga chake kati ya miguu. Nikamwambia anisubiri dakika kumi, kuna karatasi ya kugongwa muhuri.
Malori hayana mwisho pale. Niliyapita moja moja nikisoma namba. Simu ya Chama imezimika. Jua! Nilimpata saa nane mchana, amelala chini ya tela. Akanipa kasha. Namba 212, imechapwa ubavuni mwa kasha. Nililia kidogo.
Nikarudi mbio. Mama mukubwa alikuwa palepale.
“Ngosa, nilizania gari imekugonga,” alisema. “Nilianza kukuombea.”
Kisha akanipa kiazi kitamu alichoniwekea. Yeye alikuwa hajala.
Nilimwambia karatasi zilikuwa nyingi. Alipoinama kufunga viatu, nikasukuma kasha ndani ya kitunga, chini ya vitambaa. Wakaguzi wa forodha wangetaka kulifungua, na kasha likifunguliwa limekufa. Nani atampekua bibi aliyevaa nguo nyeusi? Tulipita. Fikra ya ajabu!
Sasa tuko Naviundu, kwa yaya. Kitunga kimeingia chumba cha wanawake. Nimejitolea mara tatu kusaidia kupanga vitu vya mama mukubwa. Mara ya tatu yaya aliniuliza kama nina homa.

Jumamosi, 1 Novemba
Naandika polepole.
Baada ya misa tulikaa uani, watu kama arobaini. Mama mukubwa alifungua kitunga ili atugawie vitambaa vyeupe, tuvue vyeusi. Mkono wake ukatoka na kasha. Alidhani ni zawadi. Akalipasua.
Mchimba Kaburi akasimama kwenye kiganja chake: kichwa cha boga, meno, koleo, na jeneza dogo mgongoni.
Baba mudogo Mardochée, mdogo wake baba, akasimama.
“Hii iko bulozi, uchawi mutupu,” alisema. “Mama mwenye kuleta jeneza ku kilio ya ndugu yake, iko mama wa namna gani?”
Wengine walisogeza viti nyuma. Mtu mmoja akasema sasa tunajua marehemu alikufa na nini. Mama mukubwa alisema hakijui kile kitu. Alikigeuza huku na huku, akaitazama ile koleo ndogo.
Hapa naandika ukweli, maana hakuna atakayesoma. Sikusimama mara moja. Niliwaza: nikinyamaza, watakitupa jalalani, nami nitakwenda kukiokota. Niliwaza hivyo huku namtazama dada wa mama yangu.
Kisha yeye akaanza kulia bila sauti, kama mama alivyokuwa akilia. Ndipo nikasimama, nikasema ni changu, nimekinunua, ni cha kuchezea.
“Cha kuchezea,” yaya alirudia.
Baba mudogo alikitia kwenye mbabula, lile jiko la makaa lililopikia maharage. Kiliyeyuka kuanzia kichwani. Halafu akapiga magoti mbele ya mama mukubwa na kuomba msamaha. Wote wakafuata. Mimi wa mwisho.
“Pale mpakani,” mama mukubwa aliniuliza, “ulinireka peke yangu siku muzima juu ya kile?”
Nikasema ndiyo.
“Ungeniambia tu, mwanangu. Ningekaa bila kuogopa.”

Jumapili, 2 Novemba
Sikulala vizuri. Asubuhi yaya aliniapisha, mkono juu ya Biblia, mbele ya mama mukubwa: sitanunua tena kisanamu cha Halloween maisha yangu yote. Niliapa kwa moyo wangu wote. Mchana nilimwita Gauthier, nikampa wote kumi na mmoja. Alivaa glavu za kazini kuwapokea. Alitaka kuficha furaha, akashindwa. Kabati liko tupu, nami nimekuwa mtu mwingine. Mama mukubwa alinishika kichwa na kunibariki.

Jumatatu, 3 Novemba
Gauthier ameniandikia asubuhi, kwa kujivuna. Msanii yuleyule anatoa wachungaji na mamajusi wa Krismasi. Mia mbili tu duniani!
Nimekikumbuka kiapo neno kwa neno. Nimekipima kwa dhamiri safi, kama mtu aliyebarikiwa jana. Kilisema Halloween. Krismasi ni sikukuu ya Kanisa.
Nimemwagiza Chama kumi na wawili.