Betri Iliyolala Mashuani

Arua haina ziwa. Ina kilima, ina soko, ina vumbi la kutosha kugawia majirani, lakini maji ya kubeba mashua huyapati mpaka uteremke Nile kwa lori, na kiuno kikulaani njia nzima. Kwa hiyo Sulaiti alipochungulia juu ya ua wa Haji Asuman kule mtaa wa Oli, akaona mashua nyeupe imekaa juu ya mapipa kama bibi harusi aliyekosea nyumba, ungedhani angeshangaa mashua. Alishangaa betri.

Betri mpya, bwana. Katikati ya miaka ile ya sabini, betri ya gari hukuipata dukani hata ukimlilia mwenye duka miguuni. Na Pijo ya Sulaiti, teksi iliyomlisha kwa njia ya Koboko, ilikuwa juu ya matofali tangu mvua za kwanza, kuku wakitaga kwenye viti vya abiria. Dereva asiye na gari linalowaka ni mpiga domo tu, na Sulaiti alishachoka kula domo.

Akapiga hodi.

"Nasikia kuna mashine imekataa," alisema. "Mimi fundi ya mashua. Nimefanya Pakwach, nimefanya Butiaba."

Butiaba alipita siku moja, usingizini.

Haji Asuman, mfanyabiashara mnene mwenye kofia ya kufuma, alimpokea kwa mikono miwili. Mashua aliipata pamoja na duka, wenyewe Wahindi walipofukuzwa nchini, na ndani yake mlikuwa na mashine ya duara ya kupima kina na kuonyesha samaki. Ikiwa nzima, taa nyekundu huzunguka usoni mwake. Sasa haikuzunguka wala kukonyeza.

Sulaiti alipanda, akainama, akauona ugonjwa papo hapo: waya mweusi wa betri umeota kutu ya kijani pale ulipofungwa. Msasa kidogo tu, na mgonjwa anaamka. Lakini tangu lini mwindaji akamwonyesha swala njia ya kutokea?

"Haji," alisema kwa sauti ya daktari anayetafuta maneno, "hii betri ni ya lori."

"Na ubaya iko wapi?"

"Imekulia barabarani, imezoea kurushwarushwa. Wewe unaweka yeye kwa mashua, maji inabembeleza yeye polepole kama mtoto mgongoni. Betri inalala."

Asiya, mke wa Haji, alikuwa kizingitini akisuka kikapu. "Lakini hii mashua haijaona maji bado," alisema.

"Mama, wewe ukiona kitanda, hauanzi kupiga miayo?"

Majirani waliokwisha kujaa uani walitikisa vichwa. Elimu ni elimu.

"Betri ya maji iko Pakwach," Sulaiti aliendelea. "Nabeba hii, nabadilisha na ile."

"Sawa," alisema Haji, upesi kidogo kuliko ilivyopasa. "Lakini kwanza onyesha watu kama mashine yenyewe iko muzima."

Sulaiti aliwapa mgongo, akasugua waya kwa kipande cha msasa, akaukaza, kisha akaamuru mashua itikiswe ili betri ishtuke. Majirani waliitikisa kama mwembe wenye deni. Akabonyeza. Taa nyekundu ikazunguka, akina mama wakapiga vigelegele.

"Mafundi kama wewe wako wangapi hapa Arua?" Haji aliuliza kwa sauti ya mnadani.

"Arua ni mimi tu. Uganda nzima labda tuko wawili, na yule mwenzangu ni mgonjwa."

"Mumesikia?" Haji aliwauliza majirani. Walikuwa wamesikia.

Sulaiti alikwisha kuifungua betri na kuiweka begani. Lakini nani anatoka nyumba ya Wanubi bila kunawa mikono? Asiya alileta sinia la kisra, ile mikate myembamba kama kitambaa, na mchuzi wa bamia. Mgeni hanyanyuki sinia likiwa bado na kitu, na kila Sulaiti alipoukaribia mwisho, Asiya aliongeza. Alikuwa akipambana na sinia la tatu Landrova ya jeshi ilipoingia, akashuka Kapteni Yugu.

"Haji, leo ndiyo mwisho," alisema kapteni. "Mashua inakwenda doria Nile. Ulijisifu unajua mashua. Kama hakuna fundi, unapanda mwenyewe."

Haji, aliyeogopa hata beseni la kuogea, alinyoosha kidole kwenye sinia. "Fundi iko, afande. Ni yeye peke yake Arua nzima."

Sulaiti aliirudisha kisra siniani. "Afande, mimi si fundi. Mimi ni mwongo."

"Mashine iliwaka?"

"Iliwaka," waliitikia majirani, kama msikitini.

"Mwongo anawasha mashine?"

Sulaiti alifikiri. Ili kuthibitisha uongo wake ingembidi aeleze alichoitakia ile betri, na nyuma ya Landrova mlikuwa na nafasi ya wezi isiyokuwa na mto. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alifunga mdomo.

"Na betri?" aliuliza kapteni.

"Hii ya lori inalala kwa mashua, afande," alisema Haji kwa masikitiko. "Fundi mwenyewe amesema."

"Basi baki nayo. Tutafunga ya jeshi."

Asiya aliinama kumwagia mgeni maji ya kunawa. "Fundi," alisema taratibu, "funguo ya ile Pijo yenye kuku iko wapi? Mimi nimepanda sana kwako, nikienda kwa dada yangu Koboko. Gari isioze bure. Haji atatunza."

Kesho yake lori la jeshi lilipita katikati ya mji na mashua mgongoni, na ndani ya mashua Sulaiti, amevaa sare ya mtu mwingine mnene zaidi, akipigiwa saluti na watoto. Kituoni, Pijo iliyooshwa vizuri ilikuwa imejaa pomoni, Haji Asuman kwenye usukani, Asiya akikusanya nauli.

"Koboko! Koboko, mutu mumoja tu!"

Haji alimwona fundi wake, akampigia honi ndefu ya heshima. Ililia vizuri sana. Betri ilikuwa nzima, na aliyelijua hilo kuliko mtu yeyote Arua alikuwa akiteremshwa Nile, hajui kuogelea.